Kete ya mteja ililala kwenye koti langu

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitoke, ingawa najua ni kazi bure. Mke wangu ni msomaji wako wa siku nyingi. Gazeti likifika huanza na ukurasa huu kabla hata ya matangazo ya vifo. Akisoma mistari mitano tu atajua ni mimi.

Nina miaka 37, naishi Uyole, nina mke na watoto wawili. Zamani nilikuwa utingo wa malori ya Dar na Tunduma. Unga, yaani heroini, niliuanzia Dar tukisubiri mzigo, kwanza kokteli, ule unaochanganywa na bangi, baadaye nikawa najidunga. Miaka tisa. Sitakuchosha na yote, nikupe moja. Siku hiyo mke wangu alibandika maharage akaenda sokoni. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, ikanishika. Nikazima jiko, nikaipua sufuria nikaiweka sakafuni, nikafungua mtungi wa gesi nikaenda kuuza. Aliporudi alikuta maharage mabichimabichi yanapoa chini, na mimi sikuonekana siku nne. Hilo hatujawahi kulizungumza hadi leo.

Yeye huyohuyo ndiye aliyenipeleka kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga, hapa Mbeya mwaka 2018. Nilikunywa dozi kila asubuhi mbele ya muuguzi, mvua au jua. Walipoona nimetulia wakaanza kunipunguzia kidogokidogo hadi nikamaliza. Tangu nimalize ni miaka mitatu na miezi minne na sijagusa kitu.

Sasa ni mwelimishaji rika kwenye nyumba moja ya soba, wanakokaa waraibu wanaoacha. Asubuhi naingia maskani, vijiwe vya watumia unga, nakaa na mateja, nawasikiliza, anayekubali namsindikiza hospitali kupima kifua kikuu na UKIMWI, anayetaka kuacha namleta kwetu. Wakiwa na arosto mimi ndiye ninayekesha nao. Posho ni laki moja na nusu, tena inatoka mwezi inaotaka yenyewe. Kusema kweli nyumba inaendeshwa na mchele wa Kyela anaouza mke wangu pale Soweto, hapahapa Mbeya.

Mwezi wa sita nilimpokea kijana wa bodaboda, nitamwita Dogo. Nilimfuata maskani zaidi ya miezi miwili. Alipofika getini akanishika mkono, akaniwekea kete, kifurushi kidogo cha unga, kiganjani. Akasema, "Kaka nishikie hii. Nikiingia nayo nitaimalizia chooni." Utaratibu wetu ni kwamba kitu kama hicho kinaandikwa, kisha kinaharibiwa mbele ya watu wawili. Siku ile msimamizi alikuwa kwenye kikao, wenzangu wako jikoni. Nikasema nitaimwaga mwenyewe baadaye. Nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, ule wenye zipu.

Jioni nikapanda daladala nikaenda nalo nyumbani. Nikaliangika koti msumarini nyuma ya mlango. Usiku niliamka, nikasimama pale mlangoni muda. Nikaipapasa kwa nje ya kitambaa. Ni ndogo kama punje ya harage. Nikarudi kulala.

Asubuhi mke wangu alichukua koti afue. Shangazi, hakupiga kelele. Aliiweka kete mezani, kando ya chupa ya chai, akakaa akinisubiri. Nilimweleza ni ya mteja, na ni kweli ni ya mteja. Akaniambia, "Mganga hajigangi, Baba. Chagua."

Baba mkwe wangu yuko Tukuyu, amepanda parachichi ekari mbili na anataka mtu wa kusimamia. Mke wangu anasema tuhamie huko, niachane na mateja kabisa. Mimi naona nikienda nitaanguka ndani ya mwezi. Kazi hii ndiyo inayonishikilia. Nikiwaona wanavyotapika na kutetemeka nakumbuka nilikotoka. Kwenye mikutano yetu ya waraibu tunaambiwa nafuu hubaki kwako kwa kuigawa. Halafu kuna Dogo, ana wiki tano sasa, kila asubuhi ananiuliza, "Kaka upo?" Nikiondoka naye ataondoka.

Msimamizi sijamwambia. Nikimwambia atanifukuza.

Shangazi, nichague kazi iliyonipa uhai au ndoa iliyonisubiri?

Baba Wawili, Uyole

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta sentensi moja na sikuiona. Ile kete iko wapi? Umeniambia ilivyoingia kwenye koti, ilivyolala, ilivyowekwa kando ya chupa ya chai. Baada ya hapo imepotea kwenye maelezo yako. Kama ilishamwagwa mbele ya mkeo, nisamehe. Kama bado iko mahali, weka gazeti chini sasa hivi, mwite mtu mmoja unayemwamini, iishie chooni macho yake yakiona. Usiende peke yako. Hayo mengine tutayakuta hapahapa ukirudi.

Nasisitiza kwa sababu mbili, na zote mbili wewe huwafundisha wengine. Mwili uliokaa miaka mitatu bila unga umeshausahau. Kipimo ambacho zamani ulikiona cha kuzugia tu, leo kinaweza kukuzimia pumzi usingizini. Wengi tunaowazika ni watu waliotoka gerezani, au waliomaliza methadoni, wakarudi siku moja kwa dozi ya zamani. Pili, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 haina kifungu cha kumshikia mteja. Askari angesimamisha ile daladala yenu jioni ile, ungekuwa mtu aliyekutwa na heroini, basi, na miaka yako mitatu ingeanza kuhojiwa mahakamani.

Haya, tuje kwenye swali lako. Unasema ni kazi au ndoa. Ninaelewa kwa nini unaliona hivyo, kwa maana mkeo mwenyewe amesema chagua. Lakini mimi naona jambo la tatu, nalo umelipitia mbiombio. Ule usiku. Umesimama mlangoni "muda", umepapasa, umerudi kulala, na aya inayofuata tayari ni asubuhi. Muda gani? Ulikuwa unawaza nini? Hukumwambia mkeo, hukumwambia msimamizi, na mimi umenidokolea tu. Sikulaumu kwa kusimama pale. Mtu aliyekula unga miaka tisa akilala chumba kimoja na kete, asipoamka ndiyo ningeshangaa. Kinachonikaa rohoni ni kwamba umeamka usiku na hukuwa na mtu hata mmoja wa kumpigia simu.

Hapo ndipo naomba tuuangalie tena huo msemo wa mikutanoni kwenu, kwamba nafuu hubaki kwa kuigawa. Unatoka mbali, na una kisa chake. Mwaka 1935 mfanyabiashara mmoja Mmarekani, Bill Wilson, alikuwa na miezi michache tu tangu aache pombe. Alikuwa amesafiri kwenda mji wa Akron, jimbo la Ohio, kwa biashara, na biashara ikaharibika. Akajikuta kwenye ukumbi wa hoteli, upande mmoja baa watu wanacheka, upande mwingine simu. Akaiendea simu. Akapigia wachungaji wa makanisa ya mji huo mpaka akaunganishwa na mlevi mwingine, daktari wa upasuaji aitwaye Bob Smith. Wakakaa wakazungumza saa kadhaa. Daktari huyo alikunywa bia yake ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huohuo, na kutoka kwa hao wawili vikazaliwa vikundi vya walevi wasiotaka kutajwa majina, na baadaye vya waraibu wa dawa za kulevya mnavyovifuata ninyi.

Kisa hiki nadhani umeshakisikia. Watu hukisimulia kwa kusema, unaona, alimsaidia mwenzake naye akapona. Mimi hubaki kwenye ile simu. Bill hakupiga kwa sababu Bob alihitaji msaada. Alipiga kwa sababu yeye alikuwa na kiu, na alisema hivyo wazi. Kabla ya hapo alikuwa amehangaika na walevi wa New York miezi mitano au sita, akiwafuata kama wewe unavyofuata maskani, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Aliyefaidika ni yeye, hakunywa. Kwa hiyo ulichosema ni kweli, kazi hii inakushikilia, sibishi. Ila wewe umechukua nusu. Unakesha na Dogo akiwa na arosto. Dogo hawezi kukesha na wewe, ana wiki tano tu mtoto wa watu. Wewe unampigia nani?

Mkeo amekutupia methali, nami naiokota. Mganga hajigangi. Huenda aliisema kwa uchungu, nawe ukaisikia kama hukumu kwamba hufai kazi. Lakini isikilize vizuri. Haimwambii mganga aache uganga. Mganga akiugua, ugonjwa wake una mganga mwingine.

Tumtazame na mama sasa. Umeandika kana kwamba hakuamini kwamba kete ni ya mteja. Sidhani. Mwanamke aliyekaa mezani bila kupiga kelele, akakusubiri, huyo anajua tofauti ya uongo wako na ukweli wako kuliko unavyoijua wewe. Nadhani aliamini kila neno, na bado akatetemeka, maana swali lake halikuwa ya nani. Lilikuwa kwa nini imelala kwangu. Kwa yule aliyewahi kukuta maharage sakafuni, koti lile halikuanza mwezi wa sita.

Kuna kingine ambacho wanaume mliopata nafuu huwa hamkioni. Wakati ule ukiwa mtaani, alikuwa anakungoja. Ukapona, akasema sasa amerudi. Kumbe ukawa wa mateja tena, safari hii kwa jina zuri. Usiku unakesha soba, asubuhi uko maskani, mchele anabeba yeye. Yule Bill niliyemtaja alikuwa na mke, Lois. Siku moja, mume akiwa ameshaacha pombe, anamharakisha waende kwenye mkutano, Lois alimrushia kiatu. Yeye mwenyewe alishangaa. Na mwaka 1951 aliungana na wenzake wakaanzisha chama cha wake na ndugu wa walevi, kwa sababu aligundua kwamba na wao walikuwa na ugonjwa wao wa kuangaliwa. Sijui kama Mama ana mtu wa kuzungumza naye pale Soweto. Kama hana, hilo nalo liingie kwenye hesabu zenu.

Kuhusu Tukuyu. Unasema utaanguka ndani ya mwezi. Nikuulize, hayo unayajua au unayaogopa? Huenda uko sahihi. Shamba lina saa nyingi za ukimya, mikutano iko mbali, na kule pombe ya kimpumu haikosi mlangoni. Teja mpweke mwenye pesa za parachichi mfukoni ni mtu wa kuhurumiwa. Baba mkwe naye, Mungu amjalie, huenda hajui arosto ni kitu gani. Lakini kama uzima wako umefungwa kwenye kazi moja, basi nao uko kwenye hatari. Kazi zenu nyingi zinaishi kwa fedha za miradi. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake tuliona miradi ya afya ikiyumba, na watu wa posho ndio waliotangulia kuambiwa wasubiri nyumbani. Siku mlango wa soba ukifungwa kwa sababu zisizokuhusu, utasimamia nini?

Wala si lazima iwe kuhama au kutohama. Kutoka Uyole hadi Tukuyu basi halimalizi saa mbili. Wapo wanaolala shambani siku mbili za wiki na mambo yanakwenda. Parachichi ya Hass iliyobebeshwa inakaa kama miaka mitatu ndipo ianze kuzaa vizuri, kwa hiyo hakuna anayekudai uamue kabla ya Jumapili, isipokuwa hofu. Lakini hata hilo la siku mbili lina gharama zake. Siku hizo mbili Dogo atakuuliza uko wapi, na posho inaweza kukatwa.

Msimamizi ndiye ninayemwona mgumu kuliko wote. Unasema atakufukuza. Inawezekana, na sitakudanganya kwamba kusema ukweli ni salama. Uliivunja sheria ya nyumba, si ndogo. Nyumba nyingine humtoa mtu kwenye kazi ya maskani kwa muda, akabaki jikoni, kwenye vipindi, au kusindikiza wagonjwa, mpaka atulie. Nyingine hazina subira hiyo. Wewe ndiye unayemjua mtu wako. Lakini hesabu na upande wa kukaa kimya. Dogo anajua alikupa nini. Siku akikuuliza, "Kaka, ile uliifanyaje?" utamjibu nini, na atajifunza nini kuhusu kupona? Na kesho mwingine atakuwekea nyingine kiganjani, msimamizi akiwa kikaoni.

Usinielewe vibaya kuhusu kijana huyo. Naona unavyompenda, miezi miwili ya kumfuata si mchezo. Ila "nikiondoka naye ataondoka" ni mzigo mkubwa kumtwisha mtu wa wiki tano, kwamba yeye ndiye sababu ya wewe kubaki. Ungeweza kuanza kumzoesha mwenzako mmoja, wawe wanakesha naye wawili, hata kama huendi popote.

Kliniki uliyokunywea methadoni bado ipo. Kurudi kukaa na yule muuguzi nusu saa ukamweleza usiku wa koti si kushindwa, na hata kama mtaalamu angeona urudi kwenye dozi kwa muda, hilo si kuanguka. Ni dawa, kama ya presha. Nawasikia waraibu wenyewe wakicheka wenzao wanaokunywa dozi eti hawako soba kamili. Maneno hayo yamezika watu. (Na msomaji mwingine anayetafuta pa kuanzia, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119.)

Mwisho, mwanangu, nina neno na wewe ambalo limenichekesha kidogo. Umeanza barua kwa kusema mkeo husoma ukurasa huu na atakutambua. Ungeweza kuficha Uyole. Ungeweza kuficha mchele. Hukuficha kitu. Umeandika habari ya usiku, ambayo hukumwambia mezani, ukijua ataikuta hapa. Umenifanya mshenga. Sikatai, ushenga ni kazi ya mashangazi. Lakini mshenga hufika mlangoni tu, ndani hamwingilii watu.

Kwa hiyo Mama, kama umefika mstari huu, umeshajua alisimama mlangoni usiku akaipapasa, kisha akarudi kulala ubavuni mwako. Una haki ya kukasirika kwamba umeisomea gazetini. Sikuombi ulegeze neno lako la chagua, wewe ndiye uliyekuta sufuria chini. Ila kama leo mtaketi, koti lisubiri kidogo. Muulize kwanza habari ya yale maharage.

Shangazi